Namna ya Kusomea Sayansi Jinai na Bado Ukaalikwa Harusini

Barua ya kukubaliwa chuoni ikifika, usikimbilie kuwatangazia ndugu. Kaa kwanza upange utakavyosema. Mama akisikia neno jinai atadhani unakwenda upolisi. Shangazi akisikia kwamba huko kuna habari za maiti, ataanza kukuombea dua. Na mjomba, aliyekesha na tamthilia ya CSI tangu enzi za DVD, atapiga simu usiku kuuliza kama kweli kompyuta inamtambua mtu kwa alama ya kidole ndani ya sekunde tatu. Wajibu wote kwa heshima na kwa ukweli. Mwambie mama kwamba utasoma kemia, baiolojia, takwimu na sheria, na kazi yako itaanzia pale mambo hayo manne yanapokutana mbele ya hakimu. Shangazi mwachie dua zake, utazihitaji kwenye mtihani wa kemia ya kaboni. Mjomba mwambie hapana: kompyuta huleta orodha ya alama zinazokaribiana tu, kisha binadamu mwenye macho yaliyochoka hukaa na lenzi akalinganisha mstari kwa mstari.

Ukimaliza na ndugu, muage na yule mpelelezi wa kwenye runinga. Tangu CSI ianze kurushwa Marekani mwaka 2000, vijana wengi wameingia darasani wakiamini yupo mtu mmoja anayeokota ganda la risasi, anapima damu, anamhoji mtuhumiwa na kumtia pingu, yote hayo kabla ya tangazo la sabuni. Mtu huyo hayupo. Anayepiga picha eneo la tukio ni mwingine, anayepima vinasaba ni mwingine, daktari wa patholojia ana chumba chake na mpelelezi wa polisi ana jalada lake. Na ni heri iwe hivyo. Mpimaji akishaambiwa kwamba mtuhumiwa amekiri, macho yake huanza kuona kile anachotarajia kukiona. Kwa hiyo ukipewa sampuli ya mazoezi, na mwenzako akaanza kukusimulia kisa chake, mkatize. Mwambie utamsikiliza kantini.

Miwani ya jua iache bwenini. Utavaa ile ya maabara, inayoteleza puani kila ukiinama, pamoja na barakoa, glavu pea mbili na ovaroli nyeupe itakayokutoa jasho hata mwezi wa Julai. Wanafunzi wengi hudhani mavazi hayo ni ya kuwakinga wao tu. Yanamkinga marehemu na haki yake dhidi yako wewe, unayepukutisha nywele, ngozi na mate kila unapopumua na kuongea. Edmond Locard, aliyefungua maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alijenga kazi yake yote juu ya wazo kwamba watu na vitu vikigusana hupeana chembechembe. Wazo hilo humhusu mhalifu, na humhusu mchunguzi vilevile.

Wajerumani walilipia somo hili. Vinasaba vya mwanamke mmoja vilionekana katika matukio takriban 40 ya uhalifu kwao, Austria na Ufaransa, mengine ya tangu 1993, likiwamo la polisi wa kike aliyepigwa risasi mjini Heilbronn Aprili 2007. Ikatangazwa zawadi ya yuro 300,000. Machi 2009 ikabainika kwamba mhalifu huyo hakuwahi kuwapo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda aliyeshughulika na vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimesafishwa vikawa havina vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Miaka ya watu wazima, wenye bunduki na magari, ikaishia kwenye pamba. Ukiona uvivu wa kubadilisha glavu, kikumbuke kisa hiki.

Kuhusu kuchagua chuo nitasema kwa kifupi. Usivutiwe na jina la kozi. Omba mtaala uusome, hesabu saa za maabara, uliza kama kuna mashine ya kromatografia ya gesi inayofanya kazi na kama wanafunzi wa mwaka wa pili wanaruhusiwa kuigusa. Kozi yenye neno jinai kwenye jina lake na isiyo na maabara, ikimbie. Shahada nzuri ya kemia, baiokemia au baiolojia ya molekuli, ukaongezea masomo ya jinai baadaye, itakufikisha mbali zaidi. Rodolphe Archibald Reiss, aliyeanzisha shule ya sayansi hii katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, mwaka 1909, alikuwa mkemia na bingwa wa kupiga picha kabla ya jambo lolote lingine.

Sasa twende kwenye vitendo, maana hapo ndipo penye raha. Chukua glasi safi, mwombe mwenzako aishike kama anayekunywa maji, kisha aiweke mezani. Chovya ncha tu ya brashi kwenye unga wa alumini na uikung'ute. Halafu izungushe juu ya glasi polepole, nyuzi zake zikigusa kwa mbali. Mwanzo hutaona kitu. Kisha mstari mmoja utajitokeza, wa pili ufuate, na mara kitanzi kizima kimejichora kwa rangi ya fedha. Hapo ndipo wengi hukosea: hushangilia, huongeza unga, na mifereji iliyo kati ya mistari hujaa mpaka alama inabaki doa. Acha mapema. Bandika utepe kuanzia upande mmoja, ukandamize kwa kidole gumba hewa itoke, uinue, uubandike kwenye kadi, na uandike tarehe, saa, mahali na jina lako kabla hujainua kichwa kumtafuta wa kumwonyesha.

Katika maumbo ya alama za vidole, vitanzi ndivyo vingi, karibu theluthi mbili ya vidole vyote; miviringo inakaribia theluthi moja, na matao ni machache sana. Kwa hiyo anayesema alama ya mtuhumiwa ni kitanzi, sawa na ile ya dirishani, hajasema kitu. Kazi iko pale mistari inapokatika, inapogawanyika na inapokutana tena.

Na uulize elimu hii ilifikaje kwetu. Mfumo wa kupanga alama za vidole uliosambaa katika himaya ya Uingereza ulikamilishwa Kolkata miaka ya 1890 chini ya Edward Henry, lakini hesabu zake zilifanywa na maofisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, wakapata namna ya kuzigawa alama katika vijisanduku 1,024. Mfumo ukapewa jina la bosi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kutembea na kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, ili mwajiri na serikali wajue ametoka wapi na kama ametoroka kazi. Mababu zetu waliwekwa alama kabla hawajawahi kutuhumiwa kwa lolote. Mhadhiri akipita haraka kwenye ukurasa huu, nyoosha mkono. Mwanafunzi wa sayansi hii anapaswa kujua nani alipimwa, na nani alishika kipimo.

Halafu kuna damu. Utafundishwa kipimo cha Kastle-Meyer, na utakipenda siku hiyohiyo. Unakunja karatasi ya kuchujia mpaka ipate ncha, unaigusisha kwenye doa, unadondosha tone la pombe, kisha tone la kitendanishi cha fenolftalini, unasubiri kidogo, halafu tone la haidrojeni peroksaidi. Karatasi inageuka waridi mbele ya macho yako kwa sekunde chache, rangi ya kitenge kipya. Darasa zima litapiga kelele. Piga nawe, ni haki yako. Lakini kelele zikiisha, tazama tena hatua zako. Rangi ikitokea kabla ya peroksaidi, kuna kemikali nyingine iliyokudanganya na matokeo hayafai. Rangi ikija baada ya nusu dakika, haihesabiki, maana mchanganyiko huo hugeuka waridi wenyewe ukiachwa hewani. Baadhi ya mboga, figili kwa mfano, zinaweza kukupa rangi hiyohiyo. Na hata kama ni damu kweli, kipimo hakijui ni ya nani wala ya kiumbe gani. Kisu kilichochinjia kuku wa sikukuu kitatoa waridi safi kabisa. Kwenye ripoti utaandika kwamba doa limeonyesha dalili ya kuwa damu na linahitaji vipimo zaidi. Neno dalili ukiliruka, unaweza kumfunga mtu.

Watu wamefungwa hivyo. Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili za Birmingham, Uingereza, yakaua watu 21. Wanaume sita walikamatwa, na kipimo cha rangi kiitwacho Griess kikadaiwa kuonyesha kwamba mikono ya baadhi yao ilikuwa imeshika nitrogliserini. Jioni ile watano kati yao walikuwa ndani ya treni wakicheza karata. Miaka ikapita ndipo ilipoonyeshwa kwamba hata kushika karata kunaweza kukipa kipimo kile rangi ileile, kwa sababu ya kemikali iliyo kwenye mpako wake. Kesi ilikuwa na mengine, lakini kipimo hiki kilibeba uzito mkubwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, kwa kuwa kililetwa na mwanasayansi aliyezungumza kwa uhakika. Wale sita walikaa gerezani miaka 16, wakaachiwa Machi 1991. Waliowaua wale 21 hawakupatikana kwa kuwafunga hao. Ndiyo sababu nakuomba, kwa moyo wote, ukipende kipimo chako na ukitilie shaka kwa nguvu ileile.

Nunua kalamu nzuri. Katika vifaa vyote utakavyoviona, darubini, taa za buluu, mashine za vinasaba zenye bei ya nyumba, kalamu ndiyo itakayoamua kama kazi yako itafika mbali. Kila mfuko wa kielelezo unaandikwa umechukuliwa wapi, lini, saa ngapi, na nani, ukakabidhiwa kwa nani, naye akaufungia wapi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, ilisisitiza kwamba lazima pawepo kumbukumbu za maandishi kwa mfuatano wa wakati, zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyochunguzwa. Mawakili wa utetezi wanaijua kesi hiyo kama shahada. Ukienda kizimbani na bahasha ambayo kati ya Jumanne na Alhamisi haijulikani ililala wapi, wakili hatakuuliza chochote kuhusu mashine yako ya mamilioni. Atakuuliza habari za Jumatano.

Na ujifunze kufungasha. Nguo yenye damu mbichi huanikwa ikauke mahali safi, kisha ikaingia kwenye mfuko wa karatasi. Ukiitia kwenye nailoni itavunda, vinasaba vitaharibika, na joto la Tanga halikupi muda wa kuomba radhi. Wenzako watauona utaratibu huu kuwa ushamba. Utaona ni akina nani wanaoitwa kurudia zoezi.

Takwimu usizikimbie. Najua umechagua sayansi hii ukitumaini kwamba hesabu zimebaki sekondari. Chukua mfano huu. Mtaalamu anasema wasifu wa vinasaba uliopatikana kwenye mlango, usiokamilika, hupatikana kwa mtu 1 katika kila milioni 1. Mwendesha mashtaka anasimama na kusema: basi uwezekano wa mshtakiwa kuwa hana hatia ni mmoja kwa milioni. Watu wanatikisa vichwa, wameridhika. Lakini sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Kwa hesabu hiyohiyo, mkoani humo tu kuna watu kama watano wenye wasifu huo. Pasipo ushahidi mwingine, mshtakiwa ni mmoja wa hao watano, na kutoka hapo hadi kwenye uhakika bado kuna safari ndefu. Kosa hili limeshawahi kuvunja maisha. Mwanasheria wa Kiingereza Sally Clark alipatikana na hatia mwaka 1999 ya kuwaua watoto wake wawili wachanga, baada ya shahidi mtaalamu kuiambia mahakama kwamba nafasi ya vifo viwili vya ghafla kutokea katika familia ya aina hiyo ni 1 kati ya milioni 73. Tarakimu hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 8,543 kwa 8,543, utadhani vifo vya ndugu wa tumbo moja havina uhusiano wowote. Chama cha wanatakwimu wa Uingereza kilipinga hadharani mwaka 2001. Mama huyo aliachiwa 2003.

Ukifika mwaka wa pili, jiandae kwa ziara ya baba mdogo. Atakuja bwenini amevaa vizuri, atakununulia soda, atazunguka mbuyu kwa nusu saa, kisha atatoa kwenye bahasha nywele za mtoto na kukuomba, kama mtu wa nyumbani, umpimie kimyakimya kama ni wake. Mrudishie bahasha kwa mikono miwili. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na upimaji wa nasaba hupitia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Mwelekeze huko. Na mwambie, kwa adabu ya mtoto kwa mzazi, kwamba jibu la karatasi ile likishatoka halirudi ndani ya bahasha, na mtoto hakuombwa ruhusa.

Siku ya mahakama ya mazoezi vaa viatu visivyobana. Utasimama muda mrefu, na mwanafunzi wa sheria aliyelala vizuri atakuuliza: shahidi, una uhakika asilimia mia? Shingo itataka kuinama kusema ndiyo. Izuie. Sema matokeo yanaunga mkono maelezo haya zaidi ya yale, sema kwa kiasi gani, sema ni nini ambacho kipimo chako hakiwezi kukijibu, kisha nyamaza. Atarudia swali kwa sauti ya juu zaidi. Rudia jibu kwa sauti ileile. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu maoni ya wataalamu kuingia mahakamani, na Tanzania ina kifungu cha aina hiyo, lakini mahakama hailazimiki kukubali maoni hayo. Umeitwa kumsaidia hakimu aone. Kuamua ni kwake.

Kuna siku utachoka, utajiuliza kwa nini hukusomea uhasibu. Siku hiyo fikiria Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu wa kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi yake haikuweza kutambulika kwa sura. Ndugu walitoa sampuli za vinasaba na wakasubiri miezi, na miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Kwa familia iliyozika siku hiyo, kilichoirudishia mtu wake ni kazi ya watu wasioonekana, waliokaa na mifupa, mirija na fomu, wakiandika namba bila kukosea. Hakuna runinga itakayowaonyesha.

Kwa utafiti wa mwaka wa mwisho, usiende kuchimba mada ya mbali wakati nyumbani kuna mashamba yasiyolimwa. Samuel Wasser na wenzake walipima vinasaba vya pembe za ndovu zilizokamatwa, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka huohuo Shirika la Wanyamapori la Kenya likafungua maabara yake ya uchunguzi Nairobi. Kazi kama hiyo ingali inawahitaji watu wanaozijua mbuga zetu kwa miguu.

Au chukua nzi. Mwaka 1247 hakimu wa China aitwaye Song Ci aliandika habari za mkulima aliyeuawa kwa mundu. Mchunguzi aliwaamuru wanakijiji waweke miundu yao chini juani, na nzi wakatua kwenye mmoja tu, wakifuata mabaki ya damu yasiyoonekana kwa macho, na mwenyewe akakiri. Leo mabuu ya nzi husaidia kukadiria mtu amefariki tangu lini, kwa sababu hukua kwa kasi inayofuata joto. Na hapa pana tatizo letu: majedwali mengi utakayoyakuta vitabuni yalipimwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Funza wa Kigamboni hakui kwa ratiba ya funza wa Njombe, sembuse wa Scotland. Ni jambo zuri mno la kulizungumzia, na hapa ndipo natoa onyo la dhati: ukiwa harusini, sinia la pilau limeshatua, na bibi akakuuliza mnajifunza nini huko chuoni, jibu ni kemia. Usiongeze neno. Mazungumzo ya nzi yangoje mpaka watu wanawe mikono, na hata hapo msubiri aulize mara ya pili.

Vifaa vya kuanzia utafiti huo wa nzi si ghali: nusu kilo ya maini ya ng'ombe, ndoo yenye mchanga chini, wavu wa kuzuia paka, kipimajoto, spiriti na daftari. Andika joto asubuhi, mchana na jioni. Kila siku chukua mabuu machache, uyaue kwa maji ya moto yasisinyae, uyapime urefu, uyatie kwenye spiriti, uandike lebo. Ndoo iweke mbali na madirisha, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda porini, na mwenye nyumba mwambie mapema, kabla ya siku ya pili, kwa sababu siku ya tatu atakuwa ameshajua.